Kabla ya Praima: Kuandaa Vipande vya Aluminiamu vya Ndege ya Kujiundia

Kijitabu hiki ni cha wanaojiundia ndege kwa seti za vipande, mfano wa ndege za RV za kampuni ya Van's Aircraft ya Oregon, Marekani. Praima, yaani rangi ya kwanza, hushika kile inachokikuta juu ya bati. Ikikuta mafuta, itashika mafuta na kubanduka nayo. Unyevu utapenya katikati ya mabati yaliyopigwa ribiti, mahali ambapo jicho halifiki tena.

Lijue bati lako

Mabati mengi ya ndege hizi ni aloi ya 2024-T3. Shaba iliyomo huipa nguvu, lakini pia huifanya iliwe upesi na unyevu na chumvi. Kwa hiyo huvikwa aluminiamu safi pande zote mbili, na huitwa Alclad. Kwenye bati la milimita 0.8, ngozi hiyo ina unene wa takriban milimita 0.04 tu kila upande. Ondoa mng'ao, usiondoe ngozi.

Hatua za kufuata

1. Maliza kwanza kutoboa matundu na kulainisha kingo. Rangi haitulii kwenye ukingo mkali.
2. Futa mafuta kwa kitambaa chenye kiyeyusho, kisha pitisha kitambaa kikavu kabla kiyeyusho hakijakauka.
3. Sugua taratibu kwa maji na pedi ya Scotch-Brite ya rangi ya damu ya mzee. Usitumie stilwaya: chembe zake za chuma hubaki kwenye bati na kulifanya liliwe.
4. Suuza, kisha tazama maji. Yakitanda kama utando mmoja, bati ni safi. Yakijikusanya matone, rudia hatua ya 2.
5. Kausha, shika kwa glavu safi, na upige praima siku hiyohiyo.

Ukitumia dawa

Kabla ya hatua ya 5, baadhi ya mafundi huongeza tindikali ya fosforasi, kisha Alodine, dawa inayoacha utando wa kulinda aluminiamu isiliwe. Fuata maelekezo ya mtengenezaji, na usiache dawa ikaukie kwenye bati.

Alodine 1201 ina kromiamu inayoweza kusababisha saratani. Vaa glavu na miwani, na usiimwage mtaroni. Vitambaa vilivyoigusa viloweshwe maji, kwani vikikauka vinaweza kushika moto.

Usiharakishe hatua ya 4. Maji yasipotanda, usifungue kopo la praima.