Pima Maji ya Jana Kabla ya Kuwapa Kuku Dawa ya Leo

Kuku akianza kujikunyata na kushusha mabawa, wengi wetu hapa Amalemba hukimbia agrovet, hununua paketi ya dawa ya unga na kuimimina kwenye maji. Siku tatu baadaye kizimba ni kitupu na lawama zinaiangukia dawa: ilikuwa feki. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi dawa ilikuwa nzuri, ila haikumfikia kuku kwa kiasi kilichotakiwa, au haikuhusiana kabisa na ugonjwa uliokuwepo.

Hasara hiyo si ndogo. Katika nyumba nyingi za Kakamega, ingokho ni heshima ya mgeni na pia ni akiba ya dharura. Karo ikidaiwa, jogoo wawili watatu hupelekwa sokoni. Makala hii inaeleza jinsi ya kuwapa ndege dawa ili pesa uliyotumia isipotee bure.

Jua kwanza unachotibu

Newcastle, yaani kideri, husababishwa na virusi, sawa na Gumboro na ndui ya kuku. Antibiotiki haiui virusi. Ukimpa kuku mwenye Newcastle antibiotiki, umelipia dawa ambayo haiwezi kumponya. Magonjwa hayo huzuiwa kwa chanjo kabla hayajaingia bomani.

Kuhara damu kwa vifaranga huletwa na vijidudu vya koksidia, na dawa yake ni tofauti, kwa mfano amprolium. Minyoo nayo ina dawa zake, na si kila dawa huua kila mnyoo. Piperazini, kwa mfano, huondoa minyoo mikubwa ya mviringo, lakini haiui tegu.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, mweleze daktari wa mifugo dalili ulizoziona, umri wa kuku na idadi ya waliokufa. Ikiwezekana mpelekee kuku aliyekufa siku hiyo hiyo, akiwa ndani ya mfuko usiovuja.

Hesabu ya maji

Dawa nyingi za kuku huchanganywa na maji, na lebo husema gramu fulani kwa lita moja. Kipimo hicho kimewekwa kwa kuku anayekunywa maji kama kawaida. Kuku mkubwa anayetaga hunywa takriban mililita 200 hadi 250 kwa siku, na huzidisha joto likipanda.

Tuchukue mfano wa mama mwenye kuku 20 wakubwa. Wakiwa wazima, watakunywa lita 4 hadi 5 kwa siku. Paketi yake imeandikwa kwamba inatosha lita 10. Akiimimina yote kwenye ndoo ya lita 10, kuku watakunywa nusu au chini ya hapo, na maji yaliyobaki yatalala hadi kesho huku dawa ikipungua nguvu. Akiimimina yote kwenye lita 3, maji yatakuwa makali na machungu, kuku watayakataa, na watakaoyanywa huenda wakadhurika.

Njia ya uhakika ni hii. Asubuhi weka maji uliyoyapima, tuseme lita 6. Chombo kiwe juu ya tofali, usawa wa mgongo wa kuku, ili wasiyamwage wala kuyachafua. Jioni pima yaliyobaki. Yakibaki lita 2, kuku wako wamekunywa lita 4. Kesho changanya dawa ya lita 4 tu, kwa kipimo cha lebo. Changanya nusu asubuhi na nusu mchana ili dawa iwe mbichi.

Kipimo hicho pia hukuonyesha hali ya kuku. Kuku 20 wakinywa lita 2 badala ya 4, wanapata nusu ya dawa. Usiongeze unga kwa kukisia. Mwambie daktari wa mifugo kiasi walichokunywa, naye atakurekebishia kipimo au kubadilisha njia ya kutoa dawa.

Usitumie kijiko cha jikoni bila kukijua. Vijiko havilingani, na unga wa dawa moja ni mzito kuliko wa nyingine. Tumia kipimo kilichomo ndani ya paketi, au mwombe mwenye agrovet akupimie gramu kwa mizani.

Mvua yetu na kuku wa kienyeji

Kakamega ni nchi ya mvua. Kuku wa kienyeji akifunguliwa asubuhi hukuta vidimbwi kila mahali, akanywa humo na kuacha maji ya dawa pale mlangoni. Siku za matibabu, wafungie kuku na uwape chakula ndani. Maji ya dawa yawe ndiyo maji pekee wanayoweza kuyafikia. Waanzishie alfajiri, wakati wana kiu ya usiku.

Weka chombo kivulini na kioshe kila siku. Usichanganye dawa mbili bila kuuliza. Amprolium hufanya kazi kwa kuwanyima koksidia vitamini B1. Ukiongeza vitamini yenye B1 kwenye maji hayo, unawapa vijidudu kile ulichotaka kuwanyima. Vilevile oksitetrasaiklini hushikana na kalsiamu, kwa hiyo usiichanganye na maziwa.

Maliza siku zote zilizoandikwa, hata kama kuku wamechangamka siku ya pili. Ukikatiza, vijidudu vyenye nguvu ndivyo vinavyobaki.

Kuku asiyekunywa

Kuku mgonjwa zaidi ndiye anayekunywa kidogo zaidi, na kumtegemea ajitibu mwenyewe kwenye chombo cha pamoja ni kumwacha afe. Mtenge. Mpe dawa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kwa kipimo ulichoelekezwa. Tone liingie kando ya mdomo, kidogo kidogo, umngoje ameze kila mara. Usisukume dawa hadi nyuma ya ulimi, kwa sababu tundu la pumzi liko hapo na dawa inaweza kuingia mapafuni.

Chanjo haitaki klorini

Chanjo nyingi za kuku zina virusi hai vilivyodhoofishwa. Klorini iliyo kwenye maji ya mfereji huviua kabla kuku hajanywa. Kwa chanjo ya kunywa, kama ya Gumboro, tumia maji safi ya kisima au ya mvua, katika chombo cha plastiki kilichosuuzwa bila sabuni. Ikibidi kutumia maji ya mfereji, koroga kwanza gramu 2.5 za maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta kwa kila lita, ungoje nusu saa ndipo uweke chanjo. Wanyime kuku maji kwa saa moja au mbili, kisha wape maji ya chanjo watakayomaliza ndani ya saa mbili.

Kwa kuku wachache wa nyumbani, chanjo ya Newcastle ya tone la jicho ni ya uhakika zaidi, kwa sababu unajua kila kuku amepata. Nchini Kenya chanjo ya Newcastle hutengenezwa na taasisi ya serikali, KEVEVAPI. Washike kuku alfajiri kabla hujafungua kizimba. Mlaze ubavu, dondosha tone moja kwenye jicho moja, na usimwachie hadi apepese. Chanjo isafirishwe kwenye chupa ya baridi au pamoja na barafu, na ikishafunguliwa itumike siku hiyo hiyo. Kuku wa kienyeji warudiwe kila miezi mitatu. Ni vyema majirani wa ploti moja wachanje siku moja, maana kuku wetu huchanganyika.

Bata mzinga, kanga na njiwa

Usidhani kila dawa ya kuku inamfaa kila ndege. Baadhi ya vyakula vya kuku wa nyama huwa na salinomaisini ya kuzuia koksidia, na dawa hiyo ni sumu kwa bata mzinga. Soma lebo ya gunia. Ndege ambaye hajatajwa kwenye lebo ya dawa asipewe kabla ya kumuuliza daktari.

Mayai na nyama

Kila lebo huonyesha muda wa kusubiri kabla ya kula au kuuza nyama na mayai. Andika ukutani tarehe ya dozi ya mwisho, kisha hesabu kuanzia hapo. Dawa nyingine haziruhusiwi kabisa kwa kuku wanaotaga mayai ya kuliwa. Mabaki ya antibiotiki na matumizi yake ya ovyo huwafanya bakteria wazizoee dawa tunazotibiwa nazo sisi. Mwaka 2005 Marekani ilipiga marufuku enrofloksasini kwa kuku kwa sababu hiyo.

Kuku wakifa ghafla

Wakifa wengi kwa muda mfupi, usiuze waliobaki wala kuwagawia majirani. Zika au choma mizoga, osha mikono, na utoe taarifa mara moja. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, inamtaka mfugaji kuripoti magonjwa kama Newcastle.

Udhibiti wa magonjwa ya mifugo ni jukumu la serikali za kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Fika ofisi ya mifugo ya wadi yako au ya kaunti ndogo. Nenda na paketi ya dawa uliyotumia, idadi ya kuku wako, na kiasi cha maji walichokunywa jana.