Sheria ni Yetu Sote

Ndugu wanakikundi, wengi wetu tukisikia neno sheria twafikiria polisi na jela tu. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 159, yasema mamlaka ya korti yatoka kwa wananchi. Yakubali hata wazee wapatanishe watu kwa mila, mradi wasivunje haki za mtu.

Tuchukue mfano. Mume amefariki, na shemeji wanataka kumfukuza mjane shambani. Wazee wanaweza kuwapatanisha, lakini kumfukuza hawawezi. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, yamkataza yeyote kujitwalia mali ya marehemu bila idhini ya sheria.

Tujadiliane: Hapa kwetu, nani atamsindikiza mjane hadi kortini?