Dondoo muhimu: Usalama wako Mlima Nzaui

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo wengi wanaoingia vichakani karibu na Matiliku, chini ya mlima huu, ni waokota kuni, wachungaji na warina asali. Hata hivyo, ukihofia kuviziwa na mtu, usione haya kusema.

Usiende peke yako. Waachie wa nyumbani habari ya njia utakayopita na saa ya kurudi. Filimbi ivae shingoni, isikae ndani ya kiondo. Mwenye mzigo wa kuni mgongoni hawezi kupekua.

Ukikuta mtego wa waya au mshale wa wawindaji haramu, usiguse: sumu ya jadi ya mishale ya Wakamba husimamisha moyo. Rudi ulikotoka, umweleze chifu.

Ukishambuliwa, tupa mzigo ukimbie. Polisi: 999 au 112.