Dondoo muhimu: Gari la baba likibaki gereji

Mwaka 1959 kijana wa California, Jim McNiel, alinunua kwa dola 500 Mercury ya 1951 ambayo mafundi wa magari, ndugu wawili wa Barris, walikuwa wameichonga upya kwa ajili ya mteja wao Bob Hirohata. Akaishi nayo hadi alipofariki 2018. Januari 2022 ikauzwa mnadani Florida kwa zaidi ya dola milioni 1.9. Gari lenye historia inayofahamika lina uzito wake.

Kwa hiyo anayeachiwa gari na baba aanze na karatasi, spana baadaye. Risiti, picha za kila hatua, daftari lenye namba za rangi: vyote vikusanywe kabla stoo haijafagiliwa. Mafundi wenzake baba warekodiwe wakieleza baba alikochomelea na kwa nini.

Rangi mpya isiharakishwe. Kwanza zitazamwe za zamani: msasa wa maji, ukipitishwa taratibu mahali padogo ndani ya buti, hufunua matabaka yake moja baada ya jingine.

Na injini isiwashwe kwa pupa! Petroli iliyolala miaka huharibika. Itolewe tangini, oili ibadilishwe, injini izungushwe kwa mkono, breki zikaguliwe.

Alama za penseli alizoacha baba nyuma ya dashibodi ziachwe zilivyo.