Baada ya Muujiza, Chakula



Leo tusome Marko 5:21-43, habari ya binti Yairo. Wengi tunaishia pale msichana anaposimama. Mimi hunasa mstari wa mwisho: Yesu anaagiza apewe chakula. Ana miaka 12, ametoka kufufuliwa, na Bwana anakumbuka kwamba mwili bado unahitaji matunzo.

Nawawaza walioponea saratani utotoni. Huku Kibiti na delta ya Rufiji, ukanda wa malaria, mtoto anaweza kupata limfoma ya Burkitt, ule uvimbe wa taya aliouandikia daktari Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa Uganda. Unahusishwa na malaria na kirusi cha Epstein-Barr, si laana ya ukoo. Wapo wanaopona kabisa. Mtoto anarudi kutoka Muhimbili, nywele zinaota, tunashangilia, basi. Faili linabaki Dar.

Miaka 15 baadaye anapiga kasia kidogo tu, anahema. Dawa kama doksorubisini zinaweza kudhoofisha moyo taratibu, dalili zikaja miaka mingi baadaye. Siklofosfamidi kwa kiwango kikubwa inaweza kupunguza uwezo wa kuzaa. Si kwa kila mtu. Wengi wanazaa na kulima kama kawaida. Ila mganga wa zahanati atajuaje kama hujamwambia?

Kama ni wewe, muulize mama, angali anakumbuka, ulitibiwa wapi na mwaka gani. Kisha omba hospitali muhtasari wa matibabu: dawa gani, kiasi gani, kama ulipigwa mionzi na wapi. Upige picha kwa simu, maana karatasi na mtumbwi havipatani. Dada zangu, mkipata ujauzito uonesheni kliniki mapema. Mimba huupa moyo kazi ya ziada.

Sasa la uchumba. Najua familia nyingine zikisikia kansa, mahari inarudi. Hata hivyo, mwambie mwenzako kabla ndoa haijatangazwa kanisani. Sheria ya Kanisa, kanuni 1084, inasema ugumba hauzuii ndoa wala kuibatilisha. Lakini kanuni hiyo hiyo inaelekeza kwenye ya 1098, kuhusu kumpata mtu kwa hila, na hapo ndoa inaweza kuwa batili. Kwa hiyo kinachohatarisha ndoa si ugonjwa uliopona, ni kuuficha kwa makusudi. Mkishindwa kuanza mazungumzo, nendeni wote wawili kwa paroko. Ameshasikia makubwa kuliko hayo.