Mwanga Usioonekana na Punje ya Mahindi

Kilakala ni sehemu ya mji wa Morogoro iliyo chini ya milima ya Uluguru, nayo hujulikana sana kwa shule yake ya sekondari ya wasichana. Katika mji huohuo, eneo la Msamvu, barabara itokayo Dodoma hukutana na ile itokayo Iringa, kisha safari huendelea kwa njia moja hadi Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo malori mengi ya mahindi kutoka katikati ya nchi na nyanda za juu kusini hupita hapo. Msichana wa Kilakala aweza kuyaona magunia hayo na hata kuzishika punje, lakini macho yake hayatamwambia ni punje ipi yenye sumu.

Sumu yenyewe ni sumukuvu, ambayo hutengenezwa hasa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus. Mwaka 2016 iliwapata wakazi wa mikoa ya Dodoma na Manyara: kati ya watu 68 waliougua, 20 walifariki. Nchini Kenya, mwaka 2004, waliougua walikuwa 317 na waliofariki 125. Kupika ugali hakuiondoi sumu hii, kwa kuwa hustahimili joto la jikoni. Kipimo cha maabara huipata kwa uhakika, lakini ni lazima mahindi yasagwe kwanza, na punje iliyokwisha kusagwa haiwezi kutengwa tena na nyingine. Ndiyo maana watafiti wakatafuta njia ya kuikagua punje ikiwa nzima, kwa kutumia mwanga.

Mwaka 1801 Mjerumani Johann Ritter aligundua kwamba kloridi ya fedha huwa nyeusi upesi zaidi ikiwekwa nje kidogo ya ukingo wa urujuani wa spektra ya jua, mahali ambapo jicho halioni kitu. Mionzi hiyo, yenye urefu wa wimbi usiozidi nanomita 400, huitwa urujuanimno. Viwandani hutumika kwa njia mbili, na wanafunzi wengi huzichanganya.

Njia ya kwanza ni kuipiga picha mionzi yenyewe. Mfano ulio karibu na Morogoro ni njia ya umeme wa kilovolti 220 itokayo bwawa la Kidatu, ambalo mitambo yake ya kwanza ilianza kazi mwaka 1975. Kihami cha kauri kikipata ufa au uchafu, hewa inayokizunguka huanza kupitisha umeme kidogo kidogo na kutoa mwanga hafifu, ambao sehemu yake ni urujuanimno. Mchana jua huufunika mwanga huo. Lakini tabaka la ozoni huizuia mionzi ya jua iliyo fupi kuliko nanomita 280 hivi isifike ardhini. Basi kamera yenye chujio linaloruhusu mionzi ya nanomita 240 hadi 280 peke yake huikuta mbingu ya saa sita mchana ikiwa na giza kama usiku, na nukta yoyote inayong'aa katika picha imetoka kwenye waya au kihami. Lenzi ya kamera hiyo hutengenezwa kwa kwatzi, maana kioo cha kawaida hakipitishi mionzi mifupi kiasi hicho.

Njia ya pili hujulikana na kila mwenye duka anayekagua noti kwa taa ya zambarau. Hapo urujuanimno hukiamsha tu kitu, nacho hujibu kwa kutoa mwanga unaoonekana. Nishati ya fotoni moja, kwa elektroni-volti, hupatikana kwa kugawa 1240 kwa urefu wa wimbi kwa nanomita. Fotoni ya nanomita 365 ina elektroni-volti 3.4, ile ya kijani ya nanomita 520 ina takriban 2.4. Tofauti hiyo hupotea kama joto ndani ya kitu chenyewe. Shati jeupe la shule lililofuliwa kwa sabuni ya unga hung'aa rangi ya samawati kwa kanuni hiyohiyo. Kamera inayotumika hapa, kwa kweli, haihitaji kuuona urujuanimno hata kidogo.

Punje za mahindi zilizoshambuliwa na kuvu huyu, zikipasuliwa na kumulikwa kwa taa ya nanomita 365, aghalabu huonyesha mng'ao mkali wa rangi ya kijani-manjano. Mng'ao wa namna hiyo ulikuwa umekwisha kuonekana katika nyuzi za pamba miaka ya 1950. Kamera huweza kuutambua punje zikipita mbele yake, na mashine ikazitoa zile zinazotiliwa shaka. Faida yake ni kubwa kuliko idadi ya punje inavyodokeza, kwa kuwa sumu haienei sawasawa ndani ya gunia. Kilo moja ya mahindi ina punje zipatazo 3,000. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kilo. Punje moja tu yenye mikrogramu 12 yatosha kuiharibu kilo nzima, hata kama zile nyingine zote ni safi.

Hata hivyo, kile kinachong'aa si sumukuvu. Ni kweli kwamba sumukuvu safi hung'aa, na herufi B na G katika majina ya aina zake zimetokana na maneno ya Kiingereza ya rangi ya samawati na kijani. Lakini mng'ao wa kijani-manjano katika punje hutokana na asidi ya kojiki, ambayo hutengenezwa na kuvu huyohuyo kisha ikabadilishwa na kimeng'enya cha mmea kiitwacho peroksidasi. Kimeng'enya hicho hufanya kazi punje ikiwa bado hai na yenye unyevu. Kwa hiyo mahindi yaliyovamiwa shambani huweza kung'aa, na yale yaliyovamiwa baadaye ghalani huweza kubaki na giza huku yakiwa na sumu. Tena wako kuvu wa jamii hiyo wanaotengeneza asidi ya kojiki bila kutengeneza sumu. Mfanyabiashara atakayenunua taa na kuyatangaza mahindi yake kuwa salama kwa sababu hayakung'aa, atakuwa amewadanganya wanunuzi pasipo kujua. Kazi ya taa ni kuchagua. Uamuzi hubaki kwa kipimo cha maabara.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani kwa taa ya kukagulia noti, chumba chenye giza, kitambaa cheupe, karatasi na maji ya toniki, ambayo kwinini yake hung'aa samawati. Wanafunzi wasiitazame taa moja kwa moja, na punje zenye kuvu zisishikwe kwa mikono mitupu wala kupasuliwa darasani. Waandike kwanza wanachotarajia, kisha wanachokiona, halafu waeleze kwa kila kitu ni kemikali gani iliyong'aa: ni ile waliyokuwa wakiitafuta, au ni jirani yake?