Maumivu ya Magoti Uzeeni: Tahadhari Kabla ya Kununua Dawa
Gegedu, tishu laini inayofunika ncha za mifupa ya goti, huchakaa kadiri umri unavyosonga. Hakuna kidonge kinachoirudisha. Kwa hiyo tunatahadharisha: dawa ya "asili" inayoondoa maumivu ndani ya siku moja huenda imechanganywa kwa siri na diklofenaki au deksamethasoni, ambazo huweza kudhuru tumbo na figo na kupandisha shinikizo la damu au sukari. Kagua namba ya usajili na udai risiti. Ikiwa umeitumia kwa wiki kadhaa, usiiache ghafla. Mwone daktari haraka, ukiwa na pakiti yake. Nafuu ya kudumu hutokana na mazoezi ya misuli ya paja na kupunguza uzito: kila kilo 1 inayopungua hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo 4 kwa kila hatua.